Kwa nini hata wazee hukaa kutazama katuni za Kijapani: yaliyonipata mimi na mama mkwe kule Keumbu

Wakuu, nawasalimu wote, hata nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kujitokeza.

Juzi mwenzetu mmoja humu aliuliza kwa nini mtu mzima na ndevu zake anakaa kutazama katuni za Kijapani, hizi mnazoziita anime. Wengi walijibu kwamba ni utoto. Mmoja akasema ni kukosa kazi. Nilitaka kuchangia palepale, lakini mimi huandika polepole, na nilipomaliza sentensi ya kwanza watu walikuwa wameshahamia siasa.

Basi nimefungua uzi wangu.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu. Shule niliishia darasa la saba. Tangu ujana nina tabia ya kuandika mambo ya siku kwenye daftari, na kabla ya kuandika hapa nimeyatoa mawili sandukuni nikayasoma upya. Nitasema yaliyotokea kama yalivyotokea. Pale daftari na kichwa changu vitakapogombana nitawaambia, muamue wenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa mtunza stoo wa shule moja ya Harambee upande wa Keumbu. Chini ya ufunguo wangu kulikuwa na majembe, chaki, sufuria, mablanketi ya bweni na jenereta moja iliyokohoa kuliko kuwaka. Nilikuwa nimeoa. Mke wangu ni Moraa, kwao ni Nyamache, na tulikuwa na mtoto wa kike wa miezi saba.

Sasa kwa wale ambao si wa kwetu, lazima nieleze jambo moja, bila hilo hamtaelewa chochote.

Sisi Wakisii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima, lakini heshima yenye mipaka kama shamba. Baba na mwanawe aliyetahiriwa hawaonani uchi, hawaongei mambo ya chumbani, hata mzaha wa mambo hayo hawausikilizi wakiwa pamoja. Babu na mjukuu hawana shida, hao hutaniana wanavyotaka. Lakini mtu na mama mkwe wake, hapo mpaka ni mkali kabisa. Ukimwona anakuja njiani, unapisha. Yeye naye anapisha. Mara nyingine mnapisha wote wawili na njia inabaki tupu.

Sisemi ni mila nzuri wala mbaya. Nasema ilikuwepo.

Siku hizo lilikuwa linapita gari la sinema la watu wa sabuni. Siku moja lilisimama sokoni Keumbu, wakafunga shuka kubwa jeupe kati ya nguzo mbili, na giza lilipoanza tu kuingia wakaonyesha kwanza sabuni, kisha filamu ya Wazungu wenye farasi.

Waliozoea wanajua kwamba shuka lile lilionekana pande zote mbili. Waliokaa nyuma yake waliona picha ileile, ila imegeuka. Maandishi yalikuwa kinyumenyume, lakini wengi hawakuwa wanasoma, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Mimi nilifikiri hivi. Leo ni siku ya soko, watu wa Nyamache wamekuja, huenda wakwe zangu wapo. Nikikaa mbele naweza kujikuta karibu na mama mkwe. Bora nizunguke nyuma ya shuka, huko watu ni wachache.

Sikufikiri kwamba mtu mwingine naye anaweza kufikiri hivyohivyo.

Nyuma kulikuwa na gogo. Nikakaa mwisho huu. Baadaye kidogo mwanamke mmoja aliyejifunika leso akakaa mwisho ule. Nikasalimia bila kumtazama. Akaitikia bila kunitazama. Kwa haki, sote tulikuwa na adabu.

Ikafika mahali Mzungu mmoja akavua kofia, akamshika mwanamke, akambusu. Halikuwa busu la kupita. Walikaa hapo. Na shuka likawaka mwanga mweupe, gogo zima likaonekana kama mchana.

Mimi kwa aibu nikageuza uso nisione. Mwanamke yule naye akageuza uso asione.

Tukageukiana.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Alivuta leso juu ya kichwa akaondoka karibu mbio, na kikapu chake akakiacha. Kilikuwa na vitunguu na chumvi. Nilisimama pale sijui la kufanya. Kumpelekea siwezi. Kukiacha kitaibwa. Mwishowe nilimpa mama mmoja muuza ndizi anayepita njia ya Nyamache, nikamwomba asiseme kimetoka kwa nani. Alisema. Lakini simlaumu, aliulizwa.

Siku ya tatu neno likaja kutoka kwa baba mkwe: Moraa arudi kwao mpaka jambo hili litengenezwe.

Moraa akamfunga mtoto mgongoni. Nikamuuliza atarudi lini.

"Kwanza niambie, nyuma ya shuka ulienda kufanya nini?"

"Kumkwepa mama yako."

"Na yeye alienda kukukwepa wewe," akasema. "Sasa mmekwepana vizuri."

Akaenda.

Kutengeneza jambo kama hilo kwetu kulikuwa na njia yake: mbuzi anachinjwa, wazee wanasema maneno yao, aibu inaondoka. Baba mkwe alitaka mbuzi huyo. Lakini mzee wa kanisa letu akanijia stoo, akakaa juu ya gunia la mahindi, akaniambia mbuzi wa mila ni upagani, na nikimtoa nitafutwa kwenye kitabu cha kanisa.

"Na kwenda sinema nayo ni dhambi," akasema. "Usirundike ya pili juu yake."

Wazee wa kanisa ndio walikuwa wengi kwenye kamati ya shule. Aliyefutwa kanisani asingeachiwa ufunguo wa stoo. Kwa hiyo, nikitoa mbuzi nakosa kazi. Nisipotoa nakosa mke. Nililiandika hivyo daftarini, mistari miwili, nikapiga mstari chini yake kama hesabu, lakini jibu sikulipata.

Niseme haki. Baba mkwe hakuwa mtu mbaya, na mzee wa kanisa hakuwa mtu mbaya. Kila mmoja alisimama mahali pake. Mimi ndiye niliyekosa pa kusimama.

Mama mkwe mwenyewe hakusema neno. Tangu siku ile, kimya. Wote walikuwa wanasema kwa niaba yake.

Kisha baba mkwe akatuma neno la mwisho: mahindi yakivunwa kabla ya mbuzi kufika, ng'ombe zangu za mahari zitarudi kwangu. Kwetu ukiambiwa ng'ombe zako zinarudi, usishangilie. Maana yake ndoa imekwisha.

Nilikuwa naangalia mahindi kila asubuhi. Sijawahi kuyaombea mahindi yachelewe kukauka isipokuwa mwaka ule.

Sasa tuje kwa Mjapani.

Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu kijana kutoka Japani, alikuja kwa kujitolea. Alifundisha hesabu, na watu wakamwita Hesabu, naye akaitika. Kiswahili alikijua kuliko wengi wetu, ila alikisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Ekegusii, lugha yetu, hakujua zaidi ya salamu.

Siku moja alikuja stoo na mkebe wa bati. Ndani kulikuwa na filamu, watu wa kwao walioko Nairobi walimwazima pamoja na projekta. Alitaka kuwaonyesha wazazi siku ya wazazi.

Nilimwambia aachane na hilo. Nilimwambia nimekosa mke kwa sababu ya sinema.

"Hii si ya watu," akasema. "Hii ni michoro. Imechorwa kwa mkono."

"Kuna kubusiana?"

Alifikiri kweli, akaipitia filamu yote kichwani. "Hapana. Hakuna."

Hakudanganya. Kosa ni langu, kwa sababu swali langu lilikuwa hilo moja tu.

Mwalimu mkuu alikubali. Mzee wa kanisa alisita, akasema atakuja kukaa mstari wa mbele, akiona ubaya atasimama. Ikawa Jumapili mchana, maana kwetu Wasabato Jumamosi ni ibada. Tulifunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi ya bweni. Kulikuwa na joto humo ndani kama chungu kilichofunikwa.

Na mimi nikapewa kazi ambayo sikuiomba. Michoro ilikuwa inaongea Kijapani. Hesabu atasema kwa Kiswahili, mimi nitasema kwa Ekegusii, kwa sauti kubwa, nikiwa nimesimama pembeni ya shuka.

Watu walipoingia nikamwona mama mkwe.

Binti yao wa mwisho, Kwamboka, alikuwa kidato cha pili pale, kwa hiyo walikuja wote. Baba mkwe akakaa upande wa wanaume. Mama mkwe akakaa upande wa akina mama, na Moraa karibu yake, na mtoto wangu mapajani mwa Moraa. Nilikuwa sijamwona mtoto kwa wiki tano. Daftari linasema sita. Alikuwa ameota meno mawili.

Mimi siwezi kutoka, na mama mkwe hawezi kutoka bila watu wote kugeuka. Alishusha leso hadi kwenye nyusi akakaa.

Filamu ikaanza.

Ilikuwa hadithi ya mzee mmoja mkulima, anaishi na binti yake, mume wa binti, na mjukuu mdogo wa kike. Kijijini kwao kuna upepo wenye mikono. Unakuja unang'oa mapaa, unanyakua nguo kwenye kamba. Mjukuu anataka kuurudisha mlimani ulikotoka.

Watoto walivutwa na ule upepo mara moja. Kila mikono ilipotokea walipiga kelele na kushikana. Kwa hao sikushangaa, michoro si ya watoto?

Lakini kukawa na mahali mume wa yule binti anapanda juu ya paa kwa kamba, anapigana na upepo, na wanafunzi wakubwa, vijana wenye ndevu, wakaanza kumwelekeza. "Shika kushoto! Kushoto, wewe!" Kana kwamba anasikia.

Kisha mzee akaonekana analima. Hapo ndipo niliposikia upande wa wazee wakiamka.

"Tazama anavyoshika jembe," mmoja akasema.

"Huyo anajua kulima."

"Anajua, lakini udongo wake umelowa sana. Ningekuwa mimi ningengoja siku mbili."

Wakabishana kidogo kuhusu shamba la mtu ambaye hayupo. Baba mkwe naye alichangia. Alikuwa upande wa kungoja siku mbili.

Halafu ikaja mvua. Mzee kakaa mlangoni, mvua inanyesha, maji yanadondoka kwenye beseni. Hakuna linalotokea. Hakuna anayesema. Daftari langu linasema ilikuwa dakika tano, nadhani linaongeza. Hesabu hakuwa na la kusema, mimi nikakosa la kutafsiri.

Nikasikia ukumbi mzima umenyamaza. Watoto, vijana, wazee. Hata wachanga, au pengine hilo nimeliongeza mimi baadaye. Mvua kama hiyo sote tunaijua. Kila mmoja alikuwa amekaa mlangoni mwake.

Nikawaza, hii inakwenda vizuri.

Ndipo mzee akavua nguo zote akaingia kwenye pipa la maji.

Wakuu, kwa Wajapani, kama nilivyoelezwa baadaye, kuoga pamoja nyumbani ni kitu cha kawaida, hakina neno. Hesabu hakukitaja kwa sababu kwake hakikuwa kitu cha kutaja. Lakini sisi tulikuwa tumekaa baba na mwana, mkwe na mkwe, na mzee wa kanisa mstari wa mbele, na mzee uchi yuko kwenye shuka, mkubwa kuliko mlango.

Haikutosha. Akaingia yule kijana wa kupanda paa, naye hana nguo, akachukua kitambaa akaanza kumsugua mzee mgongo.

Kimya cha sasa hakikuwa kile cha mvua.

Sauti ya mzee mmoja ikatoka gizani. "Huyo kijana ni nani wake?"

Watu wengi walikuwa wamefikiri ni mwanawe. Nikamuuliza Hesabu. Hesabu akasema, "Ameoa binti yake." Ningeweza kubadilisha hapo. Lakini nibadilishe iwe nini? Mwana kumwosha babaye kungekuwa vibaya vilevile. Na mtu amekuamini umtafsirie.

"Ni mkwe wake," nikasema kwa Ekegusii.

Nilisikia mabenchi yakilia. Mzee wa kanisa akasimama. Mwalimu mkuu akasema zima, zima. Hesabu akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mashine imeharibika. Na kwenye shuka yule mzee akasema kitu kwa Kijapani, na Hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akatafsiri: "Anasema, sugua juu kidogo."

Hilo sikulitafsiri. Ni hilo tu katika filamu yote, na mpaka leo sijui kama nilifanya sawa.

Mkono wa mwalimu mkuu ulikuwa karibu na swichi mama mkwe alipoongea.

Hakusimama, wala hakunitazama. Aliinamia kwa Kwamboka, lakini sauti yake ilifika kila mahali.

"Mwambie huyo anayetafsiri amuulize Mjapani. Huyo mzee wa kwenye maji ni wa ukoo gani?"

Kwamboka akasema, "Shemeji, mama anauliza mzee ni wa ukoo gani."

Nilikuwa nimesikia. Wote walikuwa wamesikia. Lakini nilingoja Kwamboka amalize, kisha nikamuuliza Hesabu kwa Kiswahili.

Hesabu akafikiri kama alivyofikiri siku ile ya stoo. "Hana ukoo. Amechorwa na watu wengi. Mmoja anachora kichwa, mwingine mikono, mwingine maji."

Nikatafsiri.

"Kwa hiyo hakuzaliwa," mama mkwe akamwambia Kwamboka.

"Hakuzaliwa," nikasema hewani, bila kumlenga mtu.

"Mke wake hayupo mahali popote."

"Hayupo."

"Basi asiyezaliwa hana mkwe, na asiye na mkwe hana chinsoni. Mwacheni mtu aoge."

Kisha upande wa wanaume baba mkwe akakohoa akasema, "Na asuguliwe vizuri. Mgongo wa mkulima ni mchafu."

Ukumbi ukapasuka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Wazee walicheka, na wana wao waliotahiriwa walicheka karibu yao, jambo ambalo nasema mlielewe, si la kila siku. Mzee wa kanisa alibaki amesimama kidogo, kisha akakaa. Kwa haki, nilimwona mabega yakitikisika.

Filamu iliendelea. Mwishoni yule mzee anakufa, na mjukuu anaurudisha upepo mlimani, nao unampungia kwa ile mikono. Akina mama walilia. Nami mahali fulani nilisahau kutafsiri, Hesabu akarudia mara mbili.

Tulipotoka nje jua lilitupiga machoni. Uji ukagawiwa. Nilikuwa nakusanya mablanketi Kwamboka aliponijia.

"Shemeji, unaitwa."

Wakwe zangu walikuwa wamekaa kwenye benchi, baba huku, mama kule, na mama ametazama upande wa shamba la shule. Moraa amesimama na mtoto. Mzee wa kanisa alikuwa karibu nao na kikombe chake. Nilisimama mbali kiasi, na mimi nikatazama shamba.

Mama mkwe akaongea na Kwamboka, lakini kwa sauti ya kunifikia.

"Muulize. Wale tuliowaona Keumbu, siku ile ya gogo. Na wao walichorwa?"

Wakuu, nilielewa palepale. Naamini wote pale walielewa. Nikisema walichorwa, basi hawakuzaliwa, na kama hawakuzaliwa hakukuwa na chinsoni, na kama hakukuwa na chinsoni hapahitajiki mbuzi. Kanisa salama, stoo salama, na Moraa anarudi nami jioni hiyohiyo na mtoto wangu wa meno mawili. Mlango ulikuwa wazi. Kazi yangu ni kupita tu.

Moraa alinitazama. Alitingisha kichwa kidogo sana, kunionyesha jibu ni ndiyo.

Nilijiambia pengine kweli sijui, mimi si mtaalamu wa filamu. Lakini nilikuwa najua. Yule Mzungu alikuwa na jasho. Alikuwa na jino moja bovu.

"Hapana," nikasema. "Wale walikuwa watu."

Moraa akafumba macho. Baba mkwe akatazama chini.

Mama mkwe aliendelea kutazama shamba. Kisha akasema, "Mwambie amesema vizuri. Mimi nami nilikuwepo, na nina macho. Basi mbuzi yupo palepale."

Mzee wa kanisa akajikohoza. Mama mkwe hakumgeukia.

"Lakini ataletwa akiwa hai, na mtoto akiwa hapa kwetu. Ni mbuzi wa kushangilia meno ya mjukuu wangu. Tutachinja, tutakula, tutafuta mikono. Hakuna mzee atakayesema maneno juu yake. Mimi nikishakula, limekwisha. Sidhani kuna kanisa linalokataza bibi kula nyama na mjukuu."

Mzee wa kanisa alikoroga uji wake. Ulikuwa umeshapoa, na hakukuwa na kitu cha kukoroga. "Kula si dhambi," akasema mwishowe.

Moraa alinisindikiza mpaka kwenye ua wa shule.

"Ungesema walichorwa, ningelala nyumbani leo," akasema.

"Ningekuwa nimedanganya."

"Ndiyo. Na ningekuwa nyumbani."

Niliandika maneno hayo daftarini kama alivyoyasema, nikaacha nafasi chini ya kuandika jibu. Nafasi bado ipo.

Mbuzi nilimpeleka wiki iliyofuata, mweusi mwenye miguu myeupe. Waliomla walikuwa wengi. Mzee wa kanisa alialikwa kama rafiki wa familia, akala mbavu mbili. Kama alijua alichokuwa anakula au hakujua, mimi siwezi kuapa, na si haki kumsemea mtu. Mama mkwe alikula nyuma ya nyumba na akina mama wenzake. Alipofuta mikono, Kwamboka alikuja mbele akaniambia neno moja: "Limekwisha."

Moraa alirudi mahindi yakiwa bado yamesimama.

Sasa nirudi kwa swali la mwenzetu, kwa nini watu wa kila umri.

Mimi nadhani ni hivi, na huenda nakosea. Ukitazama filamu ya watu, wale ni watu. Wana miili, wana mama zao mahali, na wewe unajikuta umekaa na mwanao au baba yako mnamchungulia mtu. Mmoja wenu lazima atoke nje kwenda kuangalia ng'ombe. Mchoro hauna ukoo. Kwa hiyo mtoto anauingia, kijana anauingia, mzee anauingia, kila mmoja kwa mlango wake, na mnaweza kukaa benchi moja bila mtu kuona haya.

Na jambo la pili. Wale Wajapani hawakuchora upepo tu. Walichora mvua, na mtu aliyekaa. Mtu fulani alikaa na kalamu akachora tone, halafu tone jingine, kwa ajili ya mahali ambapo hakuna linalotokea. Mtoto atangoja upepo urudi. Mzee hahitaji urudi.

Nyumbani kwangu sasa, wanangu wa kiume wakija na filamu zao, mimi natoka mapema kabla ya mambo kuharibika, nao hushukuru bila kusema. Lakini mjukuu wangu wa kike, ambaye ni muuguzi, akifungua katuni zake za Kijapani kwenye TV, hakuna anayetoka. Mwanangu wa karibu miaka hamsini anakaa, mke wake anakaa, mimi nakaa. Wakati mwingine kuna vita, wakati mwingine kuna mtu anaoga. Tunakaa tu.

Nimemsomea Moraa bandiko hili lote kabla ya kulituma. Alisikiliza mpaka mwisho. Anasema nimezungusha maneno sana, na kwamba mama yake, Mungu amrehemu, angecheka. Yeye anazipenda kwa sababu ya chakula. Anasema hakuna watu duniani wanaochora chakula kama wale, unaona wali unatoa moshi, unaona mtu anapuliza kabla ya kula, hata kama hadithi huielewi unaona njaa. Anasema mtu wa umri wowote anajua njaa, na hilo halihitaji daftari.

Nimefikiri tangu asubuhi, na naona huenda yuko sahihi kuliko mimi. Nimeyaandika yote mawili.

Wakuu, semeni na nyinyi. Kwenu mnakaa na nani mkizitazama, na ni nani hutoka? Na kwa wale wenye hekima: pale kwenye benchi, mngejibu nini? Mkisema nilikosea sitanuna. Moraa ameshasema, na mwaka huu ni mara ya tatu.